Ukijifungia Kubeti, Funga Pote Siku Moja

Kampuni nyingi za kubashiri zina sehemu, mara nyingi chini kabisa ya tovuti, ambapo mchezaji anaweza kuomba mwenyewe azuiwe kucheza. Ombi hilo linasaidia, ila halitoshi. Mtafiti Robert Ladouceur na wenzake waliwahoji watu 220 waliojifungia kasino za Quebec, Kanada. Kwa matokeo waliyoyachapisha mwaka 2000, kati ya wale waliokuwa wamewahi kujifungia kabla, asilimia 30 waliacha kamari kabisa baada ya kujiandikisha, na asilimia 36 walirudi kasino huku marufuku yao ikiendelea.

Anayerudi huwa amepata upenyo. Ndiyo maana Uingereza, tangu 31 Machi 2020, kila kampuni ya kamari ya mtandaoni yenye leseni inalazimika kujiunga na GAMSTOP: unajiandikisha mara moja, zote zinakufungia. Pasipo na daftari moja la namna hiyo, kazi ya kuziba ni yako. Una akaunti nne? Andika maombi manne, siku hiyohiyo.

Toa kwanza salio lote, maana hata elfu mbili iliyobaki itakuita. Usiombe tu akaunti ifungwe, kwani inaweza kufunguliwa kwa ujumbe mmoja. Omba uzuiwe, kwa muda mrefu kuliko wote wanaoutoa, na meseji za bonasi zikome. Hifadhi jibu lao. Kisha pakua BetBlocker, programu ya bure inayozuia tovuti za kamari kwenye simu.

Pagumu zaidi ni kwenye pesa. Laini mpya inaweza kuzaa akaunti mpya, na kibanda cha kubeti cha mtaani hakiulizi akaunti, kinapokea noti. Kwa hiyo mshahara upitie kwa mtu unayemwamini, mke, mume au dada, akupe nauli na chakula cha siku. Sitisha pia mikopo ya simu. Mechi itazame nyumbani, si pale mikeka inapochapwa. Ninawasihi ndugu: msimsimange. Aibu humfanya afiche, na anayeficha hukopa.

Ukiteleza, usiifute marufuku. Mwambie mtu wako usiku huohuo, tafuteni ulipopitia, pazibeni. Na madeni yakikufikisha kutamani kufa, usilale na wazo hilo peke yako. Mwamshe mtu akupeleke hospitali.