Mdomo si pampu ya esansi

Swali: Nauza esansi kwenye bidoni na chupa hapa Baraka, mwaka wa sita sasa. Naivuta kwa mpira, kwa mdomo. Jioni kichwa kinagonga, viganja vimekauka hadi vinapasuka. Wazee husema maziwa yanaosha sumu. Ni kweli?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Ukimeza esansi, usinywe maziwa wala usijitapishe. Hatari kubwa ni tone kuingia mapafuni unapopaliwa au kutapika. Mapafu huvimba vibaya. Ukianza kukohoa au kuhema kwa shida, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Kichwa kinauma kwa sababu ya mvuke. Ndani yake mna benzeni, inayopita kwa pumzi na kwa ngozi hadi kwenye uboho wa mifupa, kule damu inakotengenezwa. Ukiivuta miaka mingi, damu hupungua, na saratani ya damu inaweza kufuata. Mwombe daktari akupime damu, na umwambie kazi yako; asipoijua atatafuta malaria tu.

Tafuta mpira wenye pampu ya mkono. Mimina nje penye upepo, bidoni zisilale chumbani mwako. Mikono ioshe kwa sabuni, kamwe si kwa esansi.

Na moto! Tarehe 2 Julai 2010, kule Sange, upande wa Uvira, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika, wengine wakichota; zaidi ya 200 walikufa. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa: hutambaa chini, usionekane, mpaka ufike kwenye mbabula ya jirani.