Kupima Mti Kabla ya Kuuza: Somo la Mjozi Mweusi

Katika majimbo ya mashariki na ya kati ya Marekani, kuanzia kaskazini mwa Florida hadi mpakani mwa Kanada, na magharibi hadi Kansas na Nebraska, humea mti uitwao mjozi mweusi (Juglans nigra). Tunda lake huliwa, lakini mti huu umepata sifa zaidi kwa mbao zake. Kiini chake kina rangi ya kahawia iliyoiva, hakichezi sana kikishakauka, na hupokea msasa na vanishi vizuri sana. Kwa sababu hizo mbao zake zimetengenezewa samani, vitako vya bunduki, na katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, rafadha za ndege.

Sehemu kubwa ya misitu ya eneo hilo imo mikononi mwa watu binafsi. Mkulima anaweza kuwa na mijozi mitano au sita kandokando ya kijito, iliyoota yenyewe au iliyopandwa na babu yake. Siku moja mnunuzi anabisha hodi, anautazama mti mmoja, kisha anataja bei. Mnunuzi huyo hununua miti kila wiki, ilhali mkulima huenda akauza mti mara moja tu maishani mwake. Basi mmoja anajua hesabu na mwenziwe hajui. Makala hii inahusu hesabu hiyo, nayo haimshindi mwanafunzi wa shule ya sekondari.

Kipimo cha mbao nchini Marekani ni futi ya ubao, yaani ubao wenye urefu wa futi 1, upana wa futi 1 na unene wa inchi 1. Ujazo wake ni inchi za ujazo 144. Gogo, hata hivyo, ni duara na ubao ni bapa, kwa hiyo gogo likipasuliwa hupotea mabanzi ya pembeni na unga wa msumeno. Ili kukadiria kitakachobaki, wafanyabiashara hutumia kanuni zilizotungwa zamani. Inayotumika sana katika biashara ya mjozi ni kanuni ya Doyle, ya tangu karne ya 19. Pima kipenyo cha ncha nyembamba ya gogo kwa inchi, bila gome, toa 4, jibu lizidishe kwa lenyewe, kisha zidisha kwa urefu wa gogo kwa futi na ugawanye kwa 16. Gogo likiwa na urefu wa futi 16, hatua ya mwisho haihitajiki kabisa. Bila shaka wepesi huo ni sababu mojawapo ya kanuni hii kupendwa, kwani mtu huweza kuikokotoa kichwani huku amesimama porini.

Tuchukue gogo lenye kipenyo cha inchi 16 na urefu wa futi 16. Kwa kanuni ya Doyle tunapata 12 mara 12, yaani futi za ubao 144. Gogo hilohilo tukilihesabu kama mcheduara kamili tunapata karibu futi 268. Tofauti hiyo haina ajabu, kwani sehemu yake ni mabanzi na unga. Lakini iko kanuni nyingine, iitwayo ya Kimataifa, iliyotungwa kwa kuzingatia upana wa njia ya msumeno na jinsi gogo linavyopungua unene kuelekea juu. Hiyo hutoa futi 180. Gogo ni lilelile na msumeno ni uleule, ila kanuni moja imetaja robo zaidi ya nyenzake.

Kosa la Doyle liko katika ile 4 inayotolewa. Inchi nne katika gogo jembamba ni sehemu kubwa mno, na katika gogo nene ni sehemu ndogo. Gogo la inchi 12, lenye urefu uleule, hupewa futi 64 na Doyle, na futi 95 na kanuni ya Kimataifa. Gogo la inchi 24 hupewa 400 na 425. Hapo tofauti karibu imetoweka. Kwa hiyo mnunuzi asemapo, “Nitakupa kiasi fulani kwa kila futi,” hajasema kitu mpaka ataje ni futi ya kanuni ipi. Si lazima awe mdanganyifu. Doyle ni desturi ya biashara katika sehemu nyingi za nchi ile, na bei huongezwa kufidia upungufu wake. Hatari ni kwa muuzaji anayesikia bei ya kanuni moja na kuilinganisha na ya kanuni nyingine.

Kosa jingine hufanywa na muuzaji mwenyewe. Mti uliosimama hupimwa kwenye usawa wa kifua, ambao nchini Marekani ni futi 4 na nusu kutoka ardhini. Tuseme mkulima amezungusha utepe akapata mzingo wa inchi 75. Akigawanya kwa 3.14 anapata kipenyo cha karibu inchi 24, naye anafurahi, maana Doyle humpa futi 400. Lakini inchi 24 ni kipenyo cha chini, pamoja na gome. Kinachotakiwa ni kipenyo cha ncha ya juu ya gogo la kwanza, bila gome. Mabwana miti mara nyingi hukadiria kuwa ncha hiyo ni 78 kwa mia ya kipenyo cha kifuani. Hapa ni karibu inchi 18.7. Toa 4, zidisha 14.7 kwa 14.7, na gogo la kwanza linakuwa futi 216 tu. Mkulima asiyejua jambo hili ataona ameibiwa hata pale alipolipwa kwa haki.

Je, auze sasa au angoje? Mti wenye kipenyo cha inchi 18 kifuani, kwa makadirio yaleyale, una gogo la kwanza la futi 100. Ukifika inchi 24 unakuwa na futi 216. Kipenyo kimeongezeka kwa theluthi moja, na mbao zimezidi maradufu. Kwenye udongo mzuri wenye kina na unyevu, mjozi huweza kunenepa robo inchi kwa mwaka au zaidi. Kwa robo inchi safari hiyo ni miaka 24. Ni muda mrefu, lakini ongezeko si la ujazo peke yake. Gogo nene, lililonyooka, lisilo na vifundo, huacha kuwa la mbao na kuwa la vinia, yaani maganda membamba yasiyofikia unene wa milimita 1, ambayo hubandikwa juu ya mbao hafifu. Unene wa inchi 1 huweza kutoa maganda zaidi ya 25, na kwa kuwa hukatwa kwa kisu, hakuna unga unaopotea. Ndiyo maana bei ya gogo la vinia hupita mbali bei ya gogo la kupasua. Kwa upande mwingine mti wenye uwazi au ukungu ndani haungojewi. Kila mwaka unaopita huupunguza.

Inashangaza kwamba mti mkubwa kuliko yote, ule wa uani karibu na nyumba, mara nyingi ndio unaokataliwa na wanunuzi. Mti wa uani umepata nafasi tele, hivyo umetoa matawi chini. Tena umepigiliwa misumari ya kamba za kuanikia nguo, au umefungwa seng'enge ambayo gome limeimeza. Msumari huharibu msumeno, na pia hutia doa. Mti una tanini, na tanini ikikutana na chuma penye unyevu hutokea rangi nyeusi yenye ubuluu. Hii ndiyo kemia iliyotumika kutengenezea wino kwa karne nyingi. Mwalimu anaweza kuionyesha darasani kwa kutumbukiza misumari yenye kutu katika chai kavu nzito na kuiacha hadi kesho. Gome la mkoko, ambalo wakazi wa pwani yetu wamelitumia kwa rangi na kwa kulainishia ngozi, litafanya kazi hiyo vilevile.

Muuzaji mwenye busara huko Marekani humwajiri bwana miti wa kujitegemea, asiye wakala wa mnunuzi. Huyo huipima na kuitia alama miti itakayouzwa, na kutangaza zabuni za siri kwa wanunuzi kadhaa. Mkataba huandikwa: miti ipi, kanuni ipi, fedha lini, na nani atatengeneza njia zilizochimbuliwa na matrekta. Uharaka ndio adui yake. Mwaka 2010, ugonjwa wa mijozi unaoletwa na kuvu na kusambazwa na mdudu mdogo atobuaye magome uligunduliwa Tennessee, na majimbo kadhaa yakazuia magogo ya mjozi kuingia. Wakati wa hofu ya namna hiyo ni rahisi mtu kuukata mti ambao ungeweza kungoja.

Mjozi mweusi si mti wa kwetu, lakini misaji na mivule iko mashambani, nayo huuzwa pengine kwa kukadiriwa kwa macho. Kwetu kipimo ni mita ya ujazo, na usawa wa kifua ni mita 1.3.

Zoezi. Wanafunzi wachague mti ulionyooka karibu na shule. Wapime mzingo wake kwa kamba kwenye mita 1.3, wapate kipenyo kwa mita, kisha eneo la duara. Kimo cha shina hadi tawi la kwanza kipatikane kwa kijiti: mwanafunzi akishike wima mbele ya jicho, sehemu iliyo juu ya ngumi iwe sawa na umbali kutoka jicho hadi ngumi, kisha arudi nyuma hadi kijiti kifunike shina lote. Uwanja ukiwa tambarare, umbali wake hadi kwenye mti ni sawa na kimo hicho. Eneo lizidishwe kwa kimo. Halafu kipenyo kipunguzwe hadi 78 kwa mia na hesabu irudiwe: jibu la pili litakuwa karibu 61 kwa mia ya lile la kwanza. Wanafunzi waeleze kwa nini si 78.