Kibati Kwanza: Kuunga Mota na Swichi Zilizotumika Machimboni

Panapochimbwa dhahabu, vifaa vya umeme vilivyotumika havikosi soko. Nyamongo, ambako mgodi wa North Mara umekuwa ukizalisha tangu 2002, na kwenye mialo ya wachimbaji wadogo wa Tarime na Serengeti, karasha ya kuvunja mawe inahitaji mota ya fezi tatu, na mota mpya ina bei ya kutisha. Sina ugomvi na kununua kilichotumika. Ninachokipinga ni kukinunua kwa uzito na kukiunga kwa kukisia. Ninashikilia kwamba kifaa usichoweza kuthibitisha kilitengenezewa volti ngapi hakifai kuungwa, hata kama kinang'aa na hata kama kinazunguka.

Anza na kibati, lile bamba dogo lililobandikwa kwenye mota likiwa na namba zake. Kifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, usikisugue kwa msasa, maana namba nyingi zimepigwa juu juu tu na msasa unazimaliza. Tafuta volti, hezi, ampia, na alama mbili ndogo: pembetatu ya delta na Y ya staa. Umeme wetu wa Tanzania ni volti 400 kati ya fezi na fezi, 230 kati ya fezi na nyutro, kwa hezi 50. Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Sirari, huandika 415 na 240, tofauti ambayo mota huivumilia. Mota iliyoandikwa 400/690 inaungwa delta. Iliyoandikwa 230/400 inaungwa staa. Mbili hizo zinaweza kulingana umbo, rangi na uzito. Ya Afrika Kusini huenda ikawa imeandikwa 525, kwa kuwa viwanda na migodi mingi ya huko hutumia volti hizo. Nguvu ya kuzungusha hufuata kipeo cha pili cha volti: gawa 400 kwa 525, zidisha jibu kwa lenyewe, unabaki na kama 0.58 ya nguvu uliyodhani umenunua. Pampu nyepesi itakwenda, lakini karasha iliyojaa mawe itaishinda. Ya Marekani ya volti 460 na hezi 60 kwa kawaida itafanya kazi, ila itapunguza mwendo kwa moja ya sita, na hapo ni puli itakayobadilishwa.

Kisha, umeme ukiwa umezimwa, swichi imefungwa kwa kufuli na umepima kuhakikisha, fungua boksi la nyaya. Utakuta nati sita kwenye safu mbili: U1, V1, W1 upande mmoja, na W2, U2, V2 upande wa pili. Za zamani zimeandikwa U, V, W na Z, X, Y. Vipande vitatu vya shaba vikisimama, kila kimoja kikishika nati ya safu hii na ya safu ile, hiyo ni delta. Vikilala na kuunganisha safu moja pekee, ni staa. Usiuamini mpangilio uliokutwa humo, kwa sababu uliwekwa kwa umeme wa mahali mota ilikotoka.

Wapo watakaosema kwamba mota ikiwashwa ikazunguka, basi ni nzima. Hoja hii ndiyo inayounguza mota nyingi kuliko nyingine yoyote. Mota ya 400/690 iliyoungwa staa itazunguka vizuri kabisa ikiwa tupu, huku ikiwa imebaki na theluthi ya nguvu yake. Mawe yakiingia inalemewa, inavuta ampia nyingi na kuchemka. Ya 230/400 ikiungwa delta nayo huzunguka, lakini kila koili inabeba volti 400 badala ya 230, na harufu ya vanishi inayoungua haichelewi.

Wengine wanajibu kwamba fundi mzoefu hahitaji kibati. Nusu ya jibu hilo ni ya haki. Fundi wa kuwaindi akifungua mota, akahesabu mizunguko ya waya, akapima unene wake na urefu wa kiini cha chuma, anapata volti zake kwa hesabu, na huko si kukisia. Tena kibati chenyewe kinaweza kudanganya, ikiwa mota iliwaindiwa upya kwa volti nyingine. Ndiyo maana baada ya kibati ninadai vipimo. Omu za koili tatu zilingane. Megga, kipimo cha insulesheni, ya volti 500, kati ya koili na bodi, ishikiliwe dakika 1: chini ya megaomu 1 usiunge, kausha mota kwanza kisha upime tena, koili nzima kwa kawaida hupita 5. Mwisho washa bila mzigo, ethi ikiwa imefungwa, upime kila fezi kwa klampu mita. Ampia za mota tupu zikikaribia au kupita za kibati, zima. Ama waya umeungwa vibaya, ama kibati si cha mota hiyo.

Kontakta, yaani swichi ya kuwashia mota, nayo ina mtego wake. Namba kubwa ubavuni ni ya mikono inayobeba mzigo, wakati koili inayoivuta ina volti zake, 24, 110, 230 au 400, zilizoandikwa kwa herufi ndogo pembeni mwa A1 na A2. Koili ya 110 ukiipa 230, inaungua.

Kuhusu gharama, kukodi megga na kumlipa fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, ni pesa, nakubali, ila kuwaindi mota upya na kusimamisha karasha ni pesa zaidi.

Kinachopita volti 1,000 sikielekezi hapa, na sishauri mwenye karasha akiguse. Laini za usambazaji za kilovolti 11 na 33 zina watu wake. Transfoma kuukuu ina hatari nyingine hata ikiwa imelala chini bila umeme: mafuta yake yanaweza kuwa na PCB, sumu ambayo Mkataba wa Stockholm ulitaka vifaa vyenye nayo viondolewe kazini kufikia 2025. Kibati kikitaja Askarel, Pyranol au Clophen, usikifungue chombo hicho, usimwage mafuta yake, wala usikubali dumu la mafuta hayo liingie jikoni.