Wati 20 au 50?

Swali: Napiga gitaa la solo kwenye kumbi ndogo. Ninunue amplifaya ya valvu ya wati 20 au 50?

Jibu: Chukua ya 20. Kati yake na ya 50 tofauti ni desibeli 4 tu. Ili sikio lisikie sauti maradufu, wati huhitaji kuongezeka kama mara 10. Utamu wa valvu hutoka zikibanwa, sauti inapoanza kukwaruza, na ya wati 50 ikifika hapo itammeza mwimbaji. Fender Deluxe Reverb, yenye wati 22, inaenda vizuri na ngoma. Ila kwa solo safi za rumba, zisizokwaruza hata kidogo, wati 40 zina maana. Ulizia pia spika: ya desibeli 100 badala ya 97 ni sawa na kuongeza wati maradufu.