Kwa Nini Chikichi Huchemshwa?
Ukipita Ujiji ukakuta pipa la chikichi linachemka, jua hapo kuna somo la baolojia. Seli za nyama ya chikichi zimejaa matone ya mafuta, kila tone limefunikwa na tabaka moja la fosfolipidi. Ndani mna trigliseridi: asidi tatu za mafuta zilizoshikwa na gliseroli. Sisi pia tunaweka akiba hivyo hivyo. Njaa ikibana, vimeng'enya vyetu hukata asidi hizo na mitokondria huzichoma. Gramu 1 hutoa kilokalori 9, wanga 4 tu.

Sasa, chikichi ikipondeka, lipasi yake hufikia mafuta na kuanza kuyakata. Mawese yanajaa asidi, ubora unashuka. Moto huiharibu lipasi. Ndiyo maana mama wa mawese hataki chikichi zilale.