Uzalendo na Riya

Neno uzalendo limekuwa jingi vinywani mwa watu, na khasa zikaribiapo sikukuu za dola: Madaraka, Mashujaa na Jamhuri. Mtu huvaa bangili ya ushanga wa rangi za bendera, akaketi mbele, akapiga makofi kuwashinda wenziwe, na papo hapo huitwa mzalendo. Aulizaye fedha za barabara zimekwenda wapi huambiwa hana uzalendo. Basi twaona yatupasa kulipima neno hili kwa mizani ya dini yetu.

Kuipenda nchi si haramu. Katika Sahihi ya Bukhari, Anas asimulia kuwa Mtume (S.A.W.) arudipo safarini akaziona kuta za Madina, humhimiza ngamia wake, na katika mapokezi ya Humaid kutoka kwa Anas imetajwa kuwa ni kwa kuipenda. Hapakuwa na ngoma wala hotuba. Ni mwendo wa ngamia tu. Ama ile kauli ipendwayo majukwaani, kwamba kuipenda nchi ni katika imani, hiyo si Hadithi. Imamu Saghani ameitia katika zilizozuliwa, na kumsingizia Mtume hakuhalaliki hata kwa neno jema.

Tuliogopalo sisi ni riya. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba miongoni mwa watakaohukumiwa mwanzo Siku ya Kiyama ni mtu aliyepigana hata akauawa, na nia yake ilikuwa aitwe shujaa. Aliitwa, na kwa hivyo ataburutwa motoni. Ikiwa huyo aliyetoa roho yake haikumfaa, bangili itamfaa nani? Kiswahili chetu hakina upungufu wa maneno: kuna kujionyesha, kuna kujishaua, kuna kujipendekeza. Kuyaita yote hayo uzalendo ni kuidhulumu lugha na kuwadhulumu watu.

Nasi wa pwani tuna mtihani wetu. Kwa miaka mingi, wengi katika sisi walipokwenda kuomba kitambulisho walitakiwa vyeti vya wazee wao na vya babu zao, ambavyo wengine hawakutakiwa. Atiliwaye shaka namna hii hudhani dawa yake ni kupeperusha bendera iliyo kubwa zaidi. Sivyo, haki ya raia hailipiwi kwa shangwe. Kifungu cha 10 cha Katiba ya mwaka 2010 kimeutaja uzalendo, na humo humo kikataja uadilifu na uwajibikaji. Yule aulizaye khabari za barabara yumo ndani ya kifungu hicho, hata akiwa hana bangili mkononi.