Kabla ya Kununua Koili, Tazama Cheche

Mvua za vuli ziko mlangoni, na kuanzia Usambara hadi Kiambu matrekta madogo ya bustani yaliyolala tangu masika yanatolewa bandani. Mengi ni ya mtumba, ya petroli, yana umri kuwapita vijana wanaoyaendesha, na hugoma siku ya kwanza. Mwenye trekta huvuta kamba au kuzungusha ufunguo mpaka betri inachoka, halafu humwita fundi, na fundi huitaja koili hata plagi hajaifungua. Koili ni ya kushukiwa mwisho. Bei yake ni kubwa, ya injini kuukuu haipatikani kila duka, na mara nyingi ile iliyotupwa ilikuwa nzima.

Wenye pawatila za dizeli mniwie radhi wiki hii. Injini zenu hazina plagi ya cheche. Zikigoma, tafuteni hewa iliyoingia kwenye njia ya mafuta.

Petroli iliyokaa kwenye tanki tangu Mei imeshapoteza ukali. Imwage, weka mpya, jaribu kuwasha, kisha fungua plagi uitazame. Ikiwa kavu kabisa baada ya kuvuta kamba mara kadhaa, mafuta hayafiki, kwa hiyo kazi yako iko kwenye kabureta na si kwenye umeme. Masizi meusi makavu ni dalili ya petroli kuzidi hewa: angalia choki na chujio. Weusi wenye utelezi wa oili unaelekeza kwenye ringi zilizochoka, na hapo plagi mpya itachafuka tena baada ya muda mfupi. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yamefika na huenda moto ndio haupo.

Isugue kwa brashi ya waya, pima nafasi ya ncha zake kwa fila (injini nyingi za aina hii hutaka kati ya 0.7 na 0.8 mm), kisha ichomeke kwenye kofia ya waya wake. Igusishe sehemu ya nyuzi zake kwenye chuma kitupu cha injini, pasipo na rangi wala kutu, mbali na tundu ilikotoka, kwa sababu mvuke wa petroli unaotoka humo unaweza kushika moto. Shika kwa koleo lenye mpini wa mpira. Sogea kivulini, mwenzako avute kamba. Cheche ya buluu inayotoa mlio ni nzuri. Ya njano iliyonyong'onyea, au isiyoonekana kabisa, ndiyo inayotuleta kwenye sehemu ambayo wengi huiruka.

Injini ya magneto hujitengenezea umeme kwa sumaku zilizo kwenye flaiwili. Haihitaji betri ili itoe cheche. Huzimwa kwa waya mwembamba unaotoka kwenye koili kwenda kwenye swichi: ukizima, swichi huugusisha waya huo kwenye bodi na cheche hufa. Basi panya akila ganda la waya huo, ukagusa bodi popote chini ya boneti, trekta limezimwa daima, hata ufunguo ukiwa kwenye kuwasha. Uchomoe waya huo pale kwenye koili, ujaribu tena. Cheche ikirudi, koili yako ni nzima. Fuata waya mpaka kwenye swichi, ukipitia na zile swichi za usalama za chini ya kiti na kwenye klachi. Ila kumbuka kuwa waya ukiwa nje ufunguo hauzimi injini. Utaizima kwa kufunga petroli au kuvuta choki.

Na swichi yenyewe isibadilishwe ovyo. Nimeona matrekta yaliyofungwa swichi ya gari kwa sababu ndiyo iliyokuwa dukani. Swichi ya gari hupeleka volti 12 ukiwasha, na umeme huo ukipita kwenye waya wa kuzimia huweza kuua koili ya kielektroniki papo hapo. Mfungaji akisema koili mpya ilikuwa feki, muulize swichi aliitoa wapi.

Kama bado hakuna cheche na injini ni ya zamani, nenda kwenye platini. Briggs & Stratton walianza kuziacha mwaka 1982; kwenye injini zao za kabla ya hapo nyingi huwa chini ya flaiwili. Kwenye Kohler za mfululizo wa K ziko nje, chini ya kifuniko kidogo, na hizo nyingi hutegemea betri na koili ya kando, kwa hiyo pima betri kwanza: iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Platini zilizokaa miezi bila kazi hushika utando usiopitisha umeme. Pitisha kati yake kipande cha karatasi ngumu safi mpaka kitoke bila weusi. Msasa sipendi, huacha chenga. Kwa injini hizo mbili nafasi yake ni 0.5 mm, nyingine hutofautiana, soma kitabu chake.

Koili ya magneto nayo huhitaji nafasi ndogo kati yake na flaiwili, takriban 0.3 mm kwa Briggs ndogo. Asiye na fila anaweza kuanza na kadi ya mchango wa harusi, ambayo haikosekani nyumba yoyote. Sugua kutu kwenye miguu ya koili kabla ya kukaza.

Cheche ikiwa nzuri lakini injini inarudisha kamba kwa nguvu au inapiga risasi kwenye ekzosi, kagua kile kipande kidogo cha chuma kinachoifunga flaiwili na shafti. Jembe likigonga kisiki, kipande hicho huweza kukatika nusu, na cheche ikaja wakati si wake.

Mkituandikia kuuliza, tajeni jina na namba zilizogongwa kwenye injini yenyewe. Jina lililo kwenye boneti ni la aliyeunda trekta, na vipuri vya umeme huuzwa kwa namba ya injini.